Nani Anakuja?

ZUHURA: Karibuni tena jamani. Kassim leo kaja na karatasi yake.

KASSIM: Mambo matatu ya kusikiliza katika muziki wa filamu ya Blade Runner. Wiki nzima nimejiandaa, dada. Vangelis aliyeutunga, ile sinthesaiza yake Yamaha CS-80, ile mvua...

ZUHURA: Tutafika. Kwanza yaliyonikuta Jumanne. Usiku nimekaa kutazama Jaws, ile filamu ya papa anayeshambulia watu, na mtoto wa kaka yangu amelala pembeni, kwa hiyo nikazima sauti kabisa. Kassim, nilitazama maji! Msichana anaogelea, miguu inacheza, basi. Moyo wangu mimi, niliyeiona filamu hii tangu shule, haukushtuka.

KASSIM: Hata kidogo?

ZUHURA: Hata kidogo. Kesho yake mchana nikairudia kwa sauti. Mtoto yuko chumba cha pili, haoni kioo. Zikaanza zile noti mbili za muziki wa papa, mara namwona mlangoni: "Shangazi, nani anakuja?"

KASSIM: Aliuliza nani, hakuuliza nini?

ZUHURA: Nani! Papa hajawahi kumwona maishani, lakini masikio yamemwambia kuna mtu njiani. Mtunzi John Williams alipompigia mwongozaji Spielberg noti zile kwenye piano, Spielberg alicheka, akadhani ni utani. Mtoto wa miaka sita hakucheka.

KASSIM: Na yule papa wa mashine maji ya chumvi yalikuwa yanamharibu kila mara, kwa hiyo sehemu kubwa ya filamu ni noti zinazoogelea. Nani anakuja. Nimelipenda swali hili.

ZUHURA: Sasa kumbuka wale wavulana wawili kwenye filamu wenye pezi bandia la papa. Watu wanakimbia, wanakanyagana, na muziki uko wapi?

KASSIM: Haupo.

ZUHURA: Haupo kwa sababu hakuna anayekuja! Muziki ule hausemi uongo. Ukisikiliza vizuri, unajua kabla ya polisi wa ufukweni kujua.

KASSIM: Hapo ndipo tunapoachana. Brody, yule mkuu wa polisi, anamwaga chambo, analalamika, papa anaibuka nyuma yake. Hakuna noti iliyomtangulia. Mimi hapo ndipo huruka kitini kila mara. Kwa hiyo kinachotisha ni ukimya.

ZUHURA: Ukimya unatisha kwa kuwa umeshafundishwa kusubiri noti! Toa muziki wa saa nzima iliyotangulia, yule papa ni samaki tu.

KASSIM: Sikubali. Filamu kubwa inaweza kusimama bila muziki. The Birds ya Hitchcock, 1963, haina muziki uliotungwa kwa ajili yake. Watoto wanaimba darasani, nje kunguru wanajipanga mmoja mmoja. Basi.

ZUHURA: Umemtaja Hitchcock mwenyewe, afadhali. Kwenye Psycho, 1960, alitaka lile tukio la mauaji bafuni lisiwe na muziki. Bernard Herrmann akautunga hata hivyo, kwa ala za nyuzi peke yake. Hitchcock aliposikia akabadili mawazo.

KASSIM: Na miaka mitatu baadaye ni Hitchcock yuleyule, na Herrmann yuleyule akiwa mshauri wa sauti, wakaona The Birds haihitaji. Walijua walichokuwa wanafanya.

ZUHURA: Haihitaji? Zile sauti za ndege nyingi zilitengenezwa kwa ala ya umeme, trautonium. Mtu alikaa akachagua ipande lini, ishuke lini, inyamaze lini. Kwangu huo ni muziki.

KASSIM: Kelele za ndege si muziki, Zuhura.

ZUHURA: Ukizipanga ni muziki.

KASSIM: Basi hata mlango ukilia ni muziki, na neno lenyewe halina maana tena. Mwongozaji amechagua kuniacha peke yangu na picha, bila mtu wa kunishika mkono. Huo ujasiri usiupe jina lingine.

ZUHURA: Hajakuacha peke yako. Mfumbe mtoto macho, mwekee wale ndege. Atauliza nani anakuja.

KASSIM: Atauliza kwa sababu amesikia ndege!

ZUHURA: Kassim.

KASSIM: Sibadiliki.

ZUHURA: Wala mimi. Na muda... zimebaki dakika mbili.

KASSIM: Mbili? Karatasi yangu sijaifungua!

ZUHURA: Sema moja.

KASSIM: Moja. Blade Runner ilitoka 1982. Albamu rasmi ya Vangelis mwenyewe ikatoka 1994. Miaka 12! Fikiria kuupenda muziki kiasi kile, na sehemu yake kubwa usiisikie mpaka uiweke filamu yenyewe, na mvua yake juu na maneno ya watu juu. Mimi ile mvua sasa siwezi kuitenganisha na...

ZUHURA: Mvua nayo ameipanga mtu.

KASSIM: Zuhura, mvua si muziki!

ZUHURA: Wiki ijayo, jamani. Aje na karatasi ileile.