Ruzuku Ndogo Ndiyo Inayoamua: Mhadhara kwa Maafisa wa Kaunti Kuhusu Fedha za Kupunguza Gesi Joto

Waheshimiwa, wakurugenzi, maafisa wa mazingira, na nyinyi wa fedha mlioketi nyuma karibu na mlango, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie ruzuku ambazo serikali kuu huzipa serikali zilizo chini yake ili zipunguze gesi joto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto. Nitaanzia Marekani. Sisemi wao ndio walimu wetu. Kwa uchafuzi wao, hata wenyewe hawadai hivyo. Ila jaribio lao lilikuwa kubwa, kumbukumbu zake ziko wazi, na limeshaonja kila kinachoweza kuipata fedha ya aina hii: kugawiwa, kugombewa, kusimamishwa na kufutwa.

Tarehe 16 Agosti 2022 Rais Joe Biden alitia saini Sheria ya Kupunguza Mfumuko wa Bei. Jina lisiwababaishe. Ndani yake mlikuwa na kifungu kilichotenga dola bilioni 5 kwa majimbo, miji, kaunti na mataifa ya wenyeji asilia, chini ya usimamizi wa shirika la serikali la mazingira, EPA. Tazameni walivyozikata fedha hizo. Milioni 250 ziliwekwa kando kwa kupanga tu. Takriban bilioni 4.6 zikawa za kutekeleza.

Najua baadhi yenu mnacheka kimoyomoyo: milioni 250 za kuandika makaratasi! Lakini kwangu mimi hapo ndipo penye akili yote ya mpango huu. Kila jimbo lililokubali lilipata dola milioni 3 bila kushindana na mtu, na maeneo ya miji mikubwa 67 yakatengewa milioni 1 kila moja. Majimbo manne, Florida, Iowa, Kentucky na South Dakota, yalikataa. Mengine yakaajiri watu wakaanza kuhesabu.

Walitakiwa kuleta mpango wa kwanza kufikia tarehe 1 Machi 2024, ukiwa na hesabu ya gesi joto zao na chanzo chake, hatua za kuzipunguza, na maelezo ya jinsi jamii zilizoachwa nyuma zitakavyonufaika. Halafu kulikuwa na sharti moja ambalo naomba mliandike: onyesheni kwamba mna mamlaka ya kisheria ya kufanya mnachoahidi, na kama hamna, semeni mtayapata vipi.

Nimesoma mapendekezo mengi ya kaunti zetu. Mtu anaahidi magari ya umeme katika barabara kuu ya taifa, anaahidi bei mpya ya umeme, anaahidi misitu isiyo yake. Fungueni Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010, linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Taka ni zenu. Kilimo na mifugo ni vyenu. Usafiri wa kaunti, udhibiti wa uchafuzi wa hewa, usambazaji wa umeme na gesi, vyote vimo. Hiyo ni kazi ya kutosha bila kumwazima mtu mamlaka yake.

Baada ya kupanga ukaja mchuano. Ruzuku moja iliruhusiwa kuwa kati ya dola milioni 2 na milioni 500, na mwombaji hakudaiwa kuchangia. Yalifika maombi karibu 300, jumla yake karibu dola bilioni 33. Julai 2024 yakachaguliwa 25, yakagawana bilioni 4.3. Kwa hesabu ya EPA, miradi hiyo ingezuia hadi tani milioni 971 za gesi joto kufikia 2050.

Nani walishinda? Mamlaka ya ubora wa hewa ya kusini mwa California, inayosumbuliwa na malori ya bandari za Los Angeles na Long Beach, ilipata karibu dola milioni 500 kwa malori na treni zisizotoa moshi na vituo vya kuchajia. Majimbo matano ya kaskazini-mashariki, Connecticut, Maine, Massachusetts, New Hampshire na Rhode Island, yaliungana yakapata milioni 450 za kueneza pampu za joto, zile mashine zinazopasha nyumba joto kwa umeme badala ya mafuta. Nebraska, jimbo la wafugaji na wakulima wa mahindi ambalo huwapigia kura Warepublican, lilipata milioni 307, sehemu yake ikiwa ya kushughulikia samadi na matumizi ya mbolea. Kumbe mfugaji naye ana nafasi hapa, mkiwa na takwimu za kumtetea.

Maombi mengine yote, zaidi ya mia mbili na hamsini, yalirudi mikono mitupu. Ndiyo kasoro ya mchuano: mji mdogo usio na mwandishi wa mapendekezo hauna lake. Mwaka 2009, wakati wa mdororo wa uchumi, Wamarekani hao hao walitumia njia nyingine. Walitoa dola bilioni 3.2 kwa ajili ya kubana matumizi ya nishati, nyingi zikagawiwa kwa kanuni ya hesabu bila mchuano, zikafikia zaidi ya serikali 2,000 za majimbo, miji, kaunti na mataifa ya wenyeji. Wengi walibadilisha taa za barabarani na kukarabati majengo ya umma. Njia hiyo ni ya haki zaidi. Ila mji mdogo unaopata kiasi kidogo unaweza kukimaliza kwenye ripoti na ukaguzi kabla taa haijawaka.

Wajerumani wamepita katikati. Tangu 2008 serikali yao kuu hulipa sehemu ya mshahara wa mtu anayeajiriwa na mji kusimamia mambo ya tabianchi. Kati ya njia zote nilizotaja, hii ndiyo ningewaibia kwanza.

Sasa yale ya kusimamishwa. Januari 2025 Rais Donald Trump aliingia madarakani na siku hiyo hiyo akaagiza malipo yaliyotokana na sheria ile yasitishwe. Majimbo yakakimbilia mahakamani, majaji wakaamuru malipo yafunguliwe. Julai 2025 sheria mpya ikafuta kifungu chenyewe na kuchukua salio lililokuwa halijafungwa kwa mkataba. Aliyekuwa na mkataba uliotiwa saini alikuwa na cha kushika mbele ya jaji. Aliyekuwa na barua ya pongezi alibaki nayo. Watu wa fedha, hapo ndipo kazi yenu ilipo.

Turudi nyumbani. Makueni ilitunga kanuni za mfuko wake wa tabianchi mwaka 2015, ikijifunga kutoa asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Wajir ikafuata mwaka 2016 kwa asilimia 2. Mwaka 2021 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 150 kwa FLLoCA, mpango wa kufadhili hatua za tabianchi zinazoongozwa na jamii, chini ya Hazina ya Kitaifa, na Ujerumani, Denmark na Sweden zikaunga mkono. Nao ulianza na ruzuku ndogo, shilingi milioni 11 kwa kaunti, za kujenga sheria, vitengo na kamati za wadi. Tofauti na Marekani, hapa kaunti inatakiwa kuweka na chake mezani.

FLLoCA kwa sehemu kubwa ni fedha za kustahimili: maji, mabwawa, malisho. Sawa kabisa, nchi inayotoa sehemu ndogo sana ya gesi joto za dunia haidaiwi kuacha kiu ya watu wake ili ikimbizane na moshi. Lakini fedha za kupunguza gesi zipo na zitaombwa, kwa hiyo tusiige vibaya. Taa za barabarani zilizokuwa na maana kule hazina maana ile ile hapa, kwa sababu karibu asilimia 90 ya umeme wetu unatoka kwenye mvuke wa ardhi, maji, upepo na jua. Badilisheni taa mkitaka kupunguza bili, msiite hiyo kupunguza hewa ukaa.

Penye gesi ni jaani. Taka za sokoni zikirundikwa bila hewa hutoa methani, ambayo katika miaka 100 hupasha joto takriban mara 28 kuliko hewa ukaa kwa uzito ule ule. Kutenganisha taka za jikoni na kutengeneza mboji kuko ndani ya mamlaka yenu na hakuhitaji teknolojia ya mbali.

Sasa nauliza: ni kaunti ngapi humu zina mizani ya malori kwenye lango la jaa? Mali bila daftari huisha bila habari, na taka nazo ni hivyo hivyo. Mfadhili atauliza tani ngapi huingia kwa siku, na asilimia ngapi ni za kuoza. Mizani, karani wa zamu mbili na sampuli za taka kila msimu: hivyo vinaingia kwenye ruzuku ndogo, na ningependa kuviona kwenye bajeti zenu za mwaka ujao kabla sijaona pendekezo lolote la mtambo wa taka.