Syria na majirani zake: kwa nini Beirut na Amman hazikuvunja uhusiano

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na nyote mliofika licha ya mvua hii: shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba.

Nimeombwa nizungumzie diplomasia ya nchi za Kiarabu wakati wa misukosuko ya kisiasa. Mada ni pana mno, kwa hiyo nimechukua pembe moja ya ramani: Syria pamoja na majirani zake wawili wa Kiarabu, Lebanon, ambayo mji wake mkuu ni Beirut, na Jordan, ambayo wake ni Amman. Iraq nitaigusa kwa kupita tu.

Machi 2011 watu wa Daraa, mji wa kusini mwa Syria, waliingia barabarani, na serikali ya Bashar al-Assad ikawajibu kwa risasi. Kufikia mwanzoni mwa 2012 nchi za Ghuba zilikuwa zimewafukuza mabalozi wa Syria, na nyingi zikafunga balozi zao Damascus, mji mkuu wa Syria. Oman ndiyo iliyokwenda kwa mwendo wake, kama kawaida yake. Mawasiliano haikuyakata. Waziri wake wa mambo ya nje, Yusuf bin Alawi, alikutana na Assad mjini Damascus Oktoba 2015, na mwaka 2020 Muscat ikawa ya kwanza katika Ghuba kumrudisha balozi.

Lakini Lebanon na Jordan, zilizobeba mzigo mzito kuliko hizo zote, hazikufunga ubalozi hata siku moja. Mazoea yetu ni kudhani kwamba aliyeumizwa zaidi ndiye atakayekasirika zaidi. Hapa ilikuwa kinyume, na hilo ndilo ninalotaka tulitafakari jioni hii: aliye mbali anaweza kununa hata miaka kumi. Aliye jirani atanuna asubuhi, na jioni atalazimika kubisha hodi.

Tuanze na kura. Tarehe 12 Novemba 2011 mawaziri wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu walikutana Cairo kuamua kama Syria isimamishwe. Jumuiya ina wanachama 22. Waliounga mkono walikuwa 18. Waliopinga ni Syria yenyewe, Yemen na Lebanon. Iraq haikupiga upande wowote. Ondoeni Yemen, ambayo wakati ule ilikuwa na maandamano yake ya kumng'oa rais, na mtaona kwamba waliosita ni wenye mpaka na Syria. Jordan nayo ina mpaka, na ilipiga kura ya ndiyo. Siku mbili baadaye Mfalme Abdullah II aliiambia BBC kwamba yeye angekuwa mahali pa Assad, angeondoka madarakani. Hakuna mtawala mwingine wa Kiarabu aliyekuwa amesema hivyo hadharani. Pamoja na maneno hayo mazito, ubalozi wa Jordan Damascus uliendelea kufungua milango.

Sasa Lebanon, maana hapa ndipo pana mengi. Wengi hawajui kwamba nchi hizi mbili hazikuwa na balozi kabisa hadi 2008. Zote zilitoka chini ya Ufaransa miaka ya 1940, kutoka Beirut hadi Damascus ni safari ya asubuhi moja kwa gari, na bado zilikaa zaidi ya miaka 60 bila bendera ya mmoja kupepea kwenye mji mkuu wa mwingine. Damascus ilikuwa na jibu tayari: sisi ni ndugu, na ndugu hapelekeani balozi. Walebanoni wengi waliusikia udugu huo kwa namna nyingine, kwamba Syria haijakubali moyoni kuwa Lebanon ni nchi. Mimi nawaelewa. Jeshi la Syria liliingia Lebanon 1976, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, likakaa miaka 29. Mwaka 1991 ukatiwa saini Mkataba wa Udugu, Ushirikiano na Uratibu, likaundwa Baraza Kuu la Syria na Lebanon, na mambo ambayo kwingine hupita mikononi mwa mabalozi yakawa yanapita humo, au kwa maofisa wa usalama wa Syria.

Tarehe 14 Februari 2005 bomu lilimuua Rafik Hariri, waziri mkuu wa zamani, pwani ya Beirut. Umma ulifurika barabarani, shinikizo la nje likapanda, na tarehe 26 Aprili mwaka huohuo wanajeshi wa mwisho wa Syria wakavuka kurudi kwao. Mwaka uliofuata Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 1680, liliihimiza Syria ianzishe uhusiano kamili wa kibalozi na jirani yake na kuweka alama za mpaka. Oktoba 2008 mawaziri wa mambo ya nje, Walid Muallem na Fawzi Salloukh, wakatia saini. Ubalozi wa Syria ukafunguliwa Beirut Desemba, wa Lebanon ukafuata Damascus Machi 2009.

Angalieni basi: balozi hizo zilikuwa na umri wa miaka miwili tu vita vilipoanza. Kuzifunga kungekuwa kukirudisha kile ambacho Walebanoni walikidai tangu uhuru, tena ni wapinzani wa Assad ndio waliokuwa wamekidai kwa sauti kubwa zaidi. Nadhani hoja hii haipewi uzito unaostahili katika maandishi mengi ya miaka ile, yanayohesabu tu nani alikuwa upande wa nani.

Serikali ya waziri mkuu wa Lebanon, Najib Mikati, ilitangaza sera ya kujitenga na vita vya Syria, na Juni 2012 vyama vikaikubali katika Tamko la Baabda. Kwenye karatasi ilikuwa sera nzuri. Kufikia Mei 2013 Hezbollah, chama cha Lebanon chenye wapiganaji wake, ilikuwa ikipigana waziwazi Qusayr, ng'ambo ya mpaka, upande wa Assad, na Walebanoni wengine walikuwa wakiwasaidia waasi. Na watu wakaja: Aprili 2014 Umoja wa Mataifa ulimwandikisha mkimbizi wa milioni moja kutoka Syria, katika nchi yenye raia takriban milioni nne. Mwezi uliofuata Wasyria walioko Lebanon waliitwa kupiga kura ya urais kwenye ubalozi wao, na umati ukafunga barabara za kuelekea Yarze, ulipo ubalozi huo, kwa saa nyingi. Ubalozi ambao zamani haukuwepo sasa uliweza kuusimamisha mji.

Kazi halisi, hata hivyo, haikufanywa na balozi yeyote. Ilifanywa na Abbas Ibrahim, mkuu wa Usalama wa Jumla wa Lebanon, idara inayoshughulikia wageni na mipaka. Ni yeye aliyekwenda na kurudi Damascus, na alikuwemo katika mazungumzo yaliyowatoa mateka wa Lebanon walioshikwa Azaz, kaskazini mwa Syria, Oktoba 2013, na masista waliotekwa Maaloula, mji mwingine wa Syria, Machi 2014. Mawaziri walinyamaza, mkuu wa usalama akazungumza. Mpango huo uliwafaa wote, kwa sababu Beirut ingeweza kudai kwamba haijazungumza na Assad.

Lakini kiza kina nguvu kuliko siasa. Lebanon ilipokosa umeme na fedha, Septemba 2021 ujumbe wa mawaziri ulikwenda Damascus, wa kwanza wa ngazi hiyo tangu vita vianze, kuomba gesi ya Misri ipitishwe kwenye bomba linalokatiza Syria. Syria ilikubali. Vikwazo vya Marekani ndivyo vilivyoizuia gesi.

Jordan nitaisimulia kwa ufupi, ingawa kuna tukio moja ninalopenda kuwapa wanafunzi wangu. Mei 2014 Amman ilimfukuza balozi wa Syria, Bahjat Suleiman, baada ya miaka ya matamshi yake ya kuwatukana wenyeji wake. Mkataba wa Vienna wa 1961 unairuhusu nchi kumtangaza mwanadiplomasia kuwa mtu asiyetakiwa bila hata kutoa sababu. Syria ikajibu kwa kumkataa kaimu balozi wa Jordan. Mngetarajia mlango ufungwe. Haukufungwa! Jordan ilieleza kwamba inamkataa mtu huyu, na Damascus inaweza kuleta mwingine. Ilikuwa imepata njia ya kukasirika bila kuvunja chochote.

Maana ingevunjaje? Mto Yarmouk, unaochangia maji katika nchi yenye kiu kubwa, hutokea upande wa Syria. Kambi ya wakimbizi wa Kisyria ya Zaatari, iliyofunguliwa Julai 2012, iko kilomita chache tu kutoka mpakani. Kituo cha mpakani cha Nasib kilipoangukia mikononi mwa waasi Aprili 2015, malori ya mboga na matunda yakakosa njia hadi Oktoba 2018. Kisha ikaja Captagon, vidonge vya kulevya vilivyokuwa vikitengenezwa Syria na kuvushwa jangwani. Januari 2022 jeshi la Jordan liliua wasafirishaji 27 katika tukio moja.

Mei 2023 Jordan iliwaalika mawaziri Amman, Syria ikiwemo, na tarehe 7 Jumuiya ikairudishia Syria kiti chake. Tarehe 8 ndege zilishambulia kusini mwa Syria na kumuua mfanyabiashara mkubwa wa dawa hizo. Vidole vilielekezwa Jordan, nayo haikukiri. Mkono mmoja unakaribisha mezani, mwingine unafanya kazi usiku.

Tarehe 8 Desemba 2024 Assad alikimbia. Kabla mwezi haujaisha waziri wa mambo ya nje wa Jordan, Ayman Safadi, alikuwa Damascus kwa Ahmed al-Sharaa, kiongozi mpya wa Syria. Mikati akafuata Januari 2025. Machi mwaka huo wanajeshi wa Lebanon na Syria walirushiana risasi mpakani, na siku chache baadaye mawaziri wao wa ulinzi wakatia saini mjini Jeddah makubaliano kuhusu kuweka alama za mpaka, Saudi Arabia ikiwa mpatanishi. Oktoba 2025 Syria iliijulisha Lebanon kwamba inasimamisha kazi za lile Baraza Kuu la 1991, na kuanzia hapo mambo yote yatapitia balozi. Yale yanayosubiri huko ni wafungwa wa Kisyria walioko magereza ya Lebanon, wakimbizi, na mpaka wenyewe, ambao alama zake bado hazijakamilika.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Tupokee maswali, yule binti wa nyuma alikuwa wa kwanza kuinua mkono.