Vilima vya Kifusi vya Wales Kusini

BARAKA: Dada Rehema, mji wa Blaenavon, Wales Kusini, umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Mtu akisikia urithi, anafikiria ngome au kasri. Pale kumehifadhiwa nini hasa?

REHEMA: Mandhari nzima, kaka. Tanuru za chuma, njia za reli, vilima vya kifusi, yaani marundo ya mabaki yaliyotolewa migodini, na mgodi wa makaa ya mawe wa Big Pit. Ulifungwa 1980, ukafunguliwa 1983 kama makumbusho. Mgeni anashushwa mita 90 hivi. Kabla ya kushuka anaacha saa, simu, kiberiti, chochote chenye betri, maana cheche moja ikikutana na gesi ya methani ni balaa. Kisha anafungwa mkanda wenye betri salama ya taa ya kofia.

BARAKA: Na huko chini?

REHEMA: Kuna mazizi! Farasi walikuwa wanaishi humo humo ardhini, na majina yao bado yapo pale walipofungwa. Mimi hapo ndipo huwa naishiwa maneno.

BARAKA: Umetaja vilima vya kifusi. Huwezi kuvitaja ukakiacha kijiji cha Aberfan.

REHEMA: Haiwezekani. Tarehe 21 Oktoba 1966, Ijumaa, saa tatu na robo asubuhi. Rundo namba 7 lilikuwa limemwagwa juu ya chemchemi. Kifusi kikalowa, kikageuka tope, kikaporomoka hadi Shule ya Pantglas. Walikufa watu 144, na 116 kati yao ni watoto.

BARAKA: Hakuna aliyeonya?

REHEMA: Walionya. Mwaka 1963 mhandisi wa halmashauri aliandika barua kuhusu hatari ya kumwaga tope la makaa nyuma ya shule. Tume ya uchunguzi ikailaumu Bodi ya Taifa ya Makaa ya Mawe, shirika la serikali lililomiliki migodi, lakini hakuna aliyeshtakiwa.

BARAKA: Halafu likaja suala la kuyaondoa marundo yaliyobaki.

REHEMA: Hilo linaniuma mpaka leo. Zilichukuliwa pauni 150,000 kutoka kwenye mfuko wa rambirambi, pesa walizochangiwa wafiwa, kulipia sehemu ya kazi hiyo! Zikarudishwa 1997, kiasi kile kile, bila riba.

BARAKA: Kwa hiyo Blaenavon vilima vinatunzwa, Aberfan vikaondolewa.

REHEMA: Na kote kuwili naona ni sawa. Ila anayetaka kuvitunza aanze kuwauliza wanaoishi chini yake.

BARAKA: Kwani bado vipo vya kutisha?

REHEMA: Wales ina vilima zaidi ya 2,500 vya migodi iliyofungwa. Februari 2020, mvua ya dhoruba Dennis iliporomosha kimoja pale Tylorstown hadi bondeni, mtoni. Hakuna aliyekufa, lakini tangu hapo vinakaguliwa upya, hasa vile vilivyo juu ya makazi. Kinachotazamwa kwanza ni mifereji: maji yanaingilia wapi, na yanatokea wapi.