Barafu Inapovunjika Kabla ya Wakati

Wazee wangu, kaka na dada zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie ndege na wanyama wa bahari za ncha za dunia. Sisi tukisikia barafu tunawaza maji ya baridi. Kule barafu ni nchi kavu: juu yake ndiko wanakolea na kuzaa. Kwa hiyo jioni hii msilifikirie joto peke yake, fikirieni na tarehe. Barafu imeganda lini, na imevunjika lini?

Nianze na pengwini, ndege wasioruka, wa Antaktika, bara la barafu la ncha ya kusini; nasema wale wakubwa kuliko wote, wanaomfikia mtu mzima karibu na kifua. Hutaga mwezi Mei au Juni, baridi ya kule ikizidi kukaza, na wengi wao hutaga juu ya bahari iliyoganda. Jike hutaga yai moja tu, akamkabidhi dume, yeye akaenda zake baharini kutafuta chakula. Dume haliweki yai chini hata kidogo. Hulipakata juu ya miguu yake, akalifunika kwa kunjo la ngozi ya tumbo, akasimama nalo gizani kwa siku zipatazo 65, hali kitu. Likiviringika likaachwa juu ya barafu, limeganda, na mwaka wa wazazi hao umekwisha.

Kinda akianguliwa huwa na manyoya laini ya kijivu. Yanazuia baridi vizuri sana, lakini yanalowa. Manyoya yasiyopenya maji humjia kuelekea Desemba. Pigeni hesabu wenyewe: barafu inatakiwa isimame imara tangu kabla ya yai mpaka Desemba. Ikivunjika Oktoba, mtoto anatumbukia baharini kabla hajawa wa baharini.

Ndivyo ilivyokuwa Halley Bay, katika Bahari ya Weddell, mwaka 2016. Hapo palikuwa na koloni, yaani kundi linalokusanyika kuzaa, la pili kwa ukubwa duniani la pengwini hawa, maelfu kwa maelfu ya jozi. Barafu ilivunjika mapema, na karibu makinda wote wakapotea. Mwaka 2017 hivyo hivyo, na 2018 tena. Watafiti wa Uingereza waliligundua jambo hilo kwa picha za setilaiti, wakitafuta madoa ya kinyesi, kahawia juu ya weupe. Doa lisipoonekana, watoto hawapo. Nikiwaza kwamba msiba mkubwa namna ile tumeujua kwa kukosekana kwa doa, moyo wangu huwa mzito.

Niseme kweli: watafiti wenyewe hawakuyatwika mabadiliko ya tabianchi lawama yote ya Halley Bay, maana dhoruba zilichangia. Na wengi wa wakubwa walihamia koloni jingine jirani. Lakini mwaka 2022, katika Bahari ya Bellingshausen, makoloni manne kati ya matano yalipoteza makinda, barafu ya Antaktika ikiwa imepungua kuliko ilivyozoeleka. Pengwini huyu huishi miaka mingi, anaweza kustahimili mwaka mmoja mbaya. Miaka mibaya ikifuatana, wazee hufa bila wa kuwarithi.

Kaskazini, huko Aktiki, kuna sili, mnyama wa baharini anayenyonyesha, mdogo mwenye madoa ya duara. Mama huchimba pango ndani ya theluji iliyolala juu ya barafu, humo akamficha mtoto asionwe na dubu. Theluji ikiwa haba, au mvua ikinyesha mapema, paa hubomoka. Mtoto hubaki wazi, kwenye baridi na mbele ya dubu. Hata dubu hapati nafuu ya kudumu, kwa sababu barafu ndiyo uwanja wake wa kuwindia.

Mtaniuliza, ya huku kwetu je? Nyangumi wenye nundu mnaowaona pwani ya Kenya na Tanzania wakati wa kusi, Julai hadi Septemba, wanatoka Antaktika. Wanakuja kuzaa, na wakiwa huku hawali karibu kitu. Chakula chao ni krili, viumbe wadogo kama kamba, ambao wakiwa wachanga hujificha chini ya barafu wakati wa baridi na kula mwani unaoota upande wake wa chini. Maziwa anayonyonya mtoto wa nyangumi mbele ya ngalawa zetu yametokana na mafuta ya krili hao.