Ile reli iliyolala pembeni ya njia

Haya jamani tuanze, mliosimama mlangoni sogeeni, viti vipo huku mbele.

Ukichukua ripoti ya shirika la reli la nchi yoyote utakuta mambo manne: usalama, treni kuwahi, kuongeza abiria na mizigo, na gharama. Mafiga huwa matatu, hawa wenzetu wana manne, ndo maana chungu kinayumba. Mi nasema yote manne yanagombania kitu kimoja, na wala sio pesa, ni masaa ya usiku. Tuseme treni ya mwisho imepita saa sita na ya kwanza inatoka saa kumi na moja alfajiri, hapo katikati mafundi waingie, umeme uzimwe, mashine ifike, wakate reli, wachomelee, wapime, waokote kila spana waondoke. Kwenye karatasi ni masaa matano, ya kazi yenyewe labda matatu. Sasa ukiongeza treni moja tu ya usiku kwa sababu abiria wamejaa, umeshakula humohumo.

Twende Uingereza, Hatfield, tarehe 17 Oktoba 2000. Treni inaingia kwenye kona na spidi ya kama kilomita 185 kwa saa, reli inapasuka vipande zaidi ya 300. Watu 4 wakafa, zaidi ya 70 wakaumia. Na nyufa zilishaonekana zamani! Reli ya kubadilishia ilishanunuliwa, ikaletwa, ikashushwa, ikalala pembeni ya njia miezi kadhaa, treni zinaipita kila siku. Yani pesa ya chuma ilishatoka, kilichokosekana ni njia kufungwa treni zisipite, ili watu waiweke ile reli.

Kilichofuata ndo kinanifurahisha, kama neno ni hilo. Railtrack, wenye njia, kazi ya matengenezo walishawaachia wakandarasi, na wao wenyewe hawakuwa na daftari la maana la hali ya reli zao. Kwa hiyo nyufa kama zile ziko wapi kwingine? Hawajui. Ikabidi watoe amri za kupunguza spidi sehemu zaidi ya elfu moja, nchi nzima treni zinatambaa, ratiba ikawa hadithi, fidia juu ya fidia, na Oktoba 2001 kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Pesa waliyodhani wameiokoa ilirudi na ndugu zake wote.

Alafu kuna hili la kukua, watu wanalisahau. Kila ekseli inayopita inaikandamiza reli palepale, chuma kinachoka, ufa unaanza mdogo kuliko unywele. Treni zikiongezeka, nyufa zinakuja haraka, na muda wa kuzitibu ndo huo umepungua.

Kuwahi nako kuna sumu yake. Amagasaki, Japani, Aprili 2005, dereva kachelewa kama sekunde 90, na kampuni yake ilikuwa na adhabu za kuwadhalilisha madereva wanaokosea. Kona ya kilomita 70 kwa saa akaingia na 116, treni ikaacha njia. Wakafa 107, yeye mwenyewe akiwemo.

Naona mkono kule nyuma... dada anauliza kwa hiyo treni zipunguzwe? Hapana dada, na jibu liko Japani hiyohiyo. Shinkansen, zile treni zao za kasi, zimeanza 1964, zinabeba watu mpaka basi, na hakuna abiria aliyekufa kwa treni kuacha njia au kugongana. Lakini saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi hupandi, hata uwe na haraka gani, njia ni ya mafundi. Na kabla ya abiria wa kwanza wanapitisha gari la ukaguzi, likaangalie kama kuna mtu kasahau kitu kwenye reli.

Mwingine? Wewe wa shati jeupe.