Antena ya Kupanda Nayo Mlimani

Wapenzi wenzangu wa redio ya ridhaa, nianze kwa kuungama. Antena ya kwanza niliyopanda nayo mlimani ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na sikuitumia. Ilikuwa na mabomba, vigingi, skrubu za mabawa na kamba sita. Nilifika kileleni nimelowa jasho, upepo ukanikausha ghafla, vidole vikafa ganzi, na skrubu moja ikadondoka kwenye majani. Nikakaa, nikanywa chai yangu, nikashuka. Kilo zote zile nilizibeba kupanda na kushuka kama mtu aliyeadhibiwa.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza anunue antena gani, nami humuuliza: ukishachoka, upepo unavuma na umebakiwa na nusu saa, utaisimamisha? Tena peke yako? Kama jibu linasitasita, iache nyumbani. Wenzetu wa mpango wa SOTA (Summits on the Air, yaani kurusha redio kutoka vileleni), ulioanza mwaka 2002 huko Uingereza, wanataka mawasiliano manne ili kilele kikupe pointi, na kituo chako lazima ukibebe mwenyewe. Manne. Hayahitaji antena ya ajabu. Yanahitaji antena iliyosimama.

Wenye redio za mkononi za mita 2 (ndio urefu wa wimbi, kwenye megahezi 145 hivi) sitawachelewesha, maana mlima ndio mlingoti wenu. Ukiwa mita 1,000 juu ya tambarare, upeo wa macho uko kama kilomita 113, na mawimbi huinama kidogo yakafika mbali zaidi ya hapo. Kinachowaangusha ni kile kijiti cha mpira kilichokuja na redio. Kibadilishe na fimbo ya sentimita 49 hivi, yaani robo ya wimbi, kisha ning'iniza waya wa urefu huohuo kutoka kwenye kitako cha antena. Mkia huo hauna uzito wa kutaja, lakini tofauti yake mtaisikia. Anayetaka zaidi atengeneze Yagi, antena inayoelekeza nguvu upande mmoja, ya vipande vitatu kwa utepe wa chuma wa kupimia. Inakunjika, na ukiiachia inanyooka yenyewe.

Tuje kwenye HF, yaani masafa ya megahezi 3 hadi 30, ambako ndiko watu wanakopoteza fedha.

Hesabu ni moja tu: gawanya 143 kwa masafa ya megahezi, upate nusu ya wimbi kwa mita. Kwa 14.2 unapata kama mita 10; kwa 7.1 unapata kama 20. Kata katikati, unganisha kebo, una dipoli. Ipandishe katikati kwa mlingoti mmoja wa mita 6, ncha zishuke pande mbili kama paa la nyumba, basi. Haina transfoma wala koili ya kula nguvu, na ikikatika unaifunga fundo. Ubaya wake ni kebo: inaning'inia kutoka juu na kuupindisha mlingoti, kwa hiyo tunatumia nyembamba kama RG-174. Mita tano za kebo hiyo kwenye megahezi 14 hazikuumizi. Kwenye megahezi 145 zinameza takriban theluthi ya nguvu yako, kwa hiyo msizihamishie huko.

Mimi siku nyingi nabeba waya wa nusu wimbi unaolishwa mwishoni. Pale mwishoni ukinzani ni mkubwa, omu 2,500 au zaidi, na redio inataka 50, hivyo tunaweka transfoma ya 49 kwa 1: mizunguko 2 upande mmoja, 14 upande mwingine, kwenye pete ya feraiti. Waya wa mita 20 unakupa bendi za mita 40, 20, 15 na 10 bila kugusa kitu. Ncha moja juu, kisanduku chini karibu nawe, kebo fupi. Dakika tano, nami si mwepesi. Ila msiushike waya ule mnaporusha: kwa wati 10 mwisho wake una volti kama 158, na kuungua kwa mawimbi ya redio kunauma kwa namna yake.

Sasa zile fimbo fupi zenye koili, zinazoingia mfukoni. Muuzaji atakuonyesha SWR, kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena, ikiwa 1 kwa 1, yaani hairudi hata kidogo, na kutabasamu. Mzigo bandia wa omu 50, kile kipingamizi cha kujaribia redio, nao una SWR ya 1 kwa 1, na haurushi chochote ila joto! Chukua fimbo ya mita 2.5 kwenye bendi ya mita 40. Ukinzani wake wa mnururisho, yaani ule unaogeuza nguvu kuwa mawimbi, ni kama omu 1.4. Tuseme koili na ardhi vinakula omu 12, na hiyo si hesabu ya uchoyo. Katika wati 10 zako, inayokwenda angani ni wati 1. Kinyume chake, SWR ya 2 inayowanyima watu usingizi inarudisha asilimia 11 tu ya nguvu.

Sisemi fimbo zote ni ulaghai. Fimbo ya kuvuta yenye mita 5 na ushei ni robo kamili ya wimbi kwenye bendi ya mita 20. Itandazie nyaya nne ardhini na itafanya kazi ya kiume. Kwenye kilele chembamba cha mawe, kisicho na pa kufunga kamba, ndiyo ninayoichukua.

Naona mkono pale nyuma. Ndiyo, kitanzi cha sumaku, ile antena ya duara inayorekebishwa kwa kapasita. Swali zuri. Kitanzi hakidai kuinuliwa juu, na kwenye kibaraza ni mkombozi. Mlimani kina kero mbili: upana wake wa masafa ni mdogo mno, ukisogeza masafa kidogo tu unakirekebisha upya, na kwenye kapasita volti hufika maelfu hata kwa nguvu ya kawaida. Ukiwa na mikono iliyokufa ganzi, kukirekebisha ni mtihani. Mimi nilikiuza.

Kuhusu kimo, msihangaike sana kwenye mita 40. Waya ulio chini hurusha mawimbi juu, yanarudi kama mvua, na unasikika kwa walio ndani ya kilomita mia kadhaa. Mara nyingi hao ndio wanaokusubiri. Kwenye mita 20 ndipo waya wa chini unapokuangusha, maana huko unatafuta pembe ya chini ya kwenda mbali.

Na mlingoti uwe wa fiberglasi. Niliwahi kuazima fimbo ya kuvulia samaki, nyepesi ajabu, nikaizungushia waya juu hadi chini. Tyuna, kile kifaa cha kuoanisha antena na redio, ililalama, SWR ikapanda na kushuka kama homa, nami nikalaumu transfoma, kebo, hata jua. Kumbe fimbo ilikuwa ya kaboni, na kaboni hupitisha umeme! Niliifungua transfoma nzima kabla ya kusoma maandishi madogo kwenye kitako cha ile fimbo.

Radi sitaipigia hotuba. Ukisikia ngurumo, teremsha waya kwanza, aga wenzako baadaye. Na msirushe kamba karibu na nyaya za umeme, hata zikionekana mbali.

Hapa mezani nina mita 21 za waya mwembamba, transfoma moja na mlingoti wa mita 6. Tutauunganisha sasa hivi. Mita moja ya ziada ni ya makusudi: ukiona waya ni mrefu, kunja ncha na kuisokota juu yake yenyewe, usikimbilie mkasi. Tutoke nje kabla jua halijazama. Mmoja wenu atausimamisha akiwa amevaa glavu, na mwingine ashike saa.