Setilaiti za Malindi na Nyota Zinazopepesa kwa Eksirei

KAZUNGU: Wasikilizaji wetu, karibuni. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, ambalo Waitaliano walilisimamisha baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Kwa heshima ya siku hiyo, setilaiti ikaitwa Uhuru. Bi Saumu, mimi nimelelewa katika pwani hiyo, lakini sikuwahi kuelezwa ni kwa nini chombo cha Wamarekani kilirushwa kutoka kwetu.

SAUMU: Ahsante, ndugu Kazungu. Sababu ni ikweta. Roketi inayorushwa karibu na ikweta kuelekea mashariki husaidiwa na mzunguko wa Dunia, na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka sehemu kubwa ya chembe zenye chaji zilizojaa juu ya Atlantiki ya Kusini, ambazo hukigonga kigunduzi na kuhesabiwa kana kwamba ni mionzi ya nyota. Anayetaka kupima mabadiliko ya haraka hana budi kuwa na hesabu safi, kwa sababu ndani ya sehemu ndogo ya sekunde mionzi inayopokelewa ni michache mno, na hesabu za uongo huweza kuifunika kabisa.

KAZUNGU: Na kwa nini isichunguzwe kutoka ardhini?

SAUMU: Angahewa huifyonza yote kabla haijatufikia. Chanzo cha kwanza nje ya Mfumo wa Jua, Scorpius X-1, kiligunduliwa Juni 1962 na kundi la mwanafizikia Riccardo Giacconi kwa roketi iliyokaa juu ya angahewa kwa dakika chache tu, kisha ikaanguka. Kwa dakika chache utajua kwamba chanzo kipo, lakini hutajua tabia yake. Uhuru ilikaa juu kwa zaidi ya miaka miwili, na ndipo ikabainika kwamba vyanzo hivi havitulii.

KAZUNGU: Havitulii kwa namna gani?

SAUMU: Tuanze na Centaurus X-3. Mwaka 1971 ilionekana kwamba mionzi yake hupanda na kushuka kila baada ya sekunde 4.8, kwa utaratibu unaofanana na saa. Walipoendelea kuitazama, wakakuta kwamba mapigo hayo huwahi kidogo kisha huchelewa kidogo, na mwenendo huo hujirudia kila baada ya siku 2.09, na katika kila mzunguko mionzi hutoweka kwa saa kadhaa. Maelezo yake ni kwamba nyota ya nyutroni, yaani kiini kidogo kilichoshindiliwa mno cha nyota iliyokufa, inajizungusha huku ikilizunguka jitu la nyota, hupita nyuma ya jitu hilo, na hula gesi yake. Mapigo huwahi na kuchelewa kwa takribani sekunde 40, na kwa kuwa mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, tunajua kwamba nusu kipenyo cha njia yake ni takribani kilomita milioni 12. Hakuna picha iliyopigwa hapo, ndugu yangu. Kitu kile ni nukta tu katika kigunduzi, nasi tumeyapata haya yote kwa kuangalia saa. Kila ninapolisimulia jambo hili, hunisisimua upya.

KAZUNGU: Naomba tusiipite Cygnus X-1, iliyoko katika kundinyota la Dajaja, kwa sababu wengi wamesikia kwamba ndilo shimo jeusi, yaani kitu ambacho hata mwanga hauwezi kuuponyoka mvutano wake, la kwanza kukubaliwa.

SAUMU: Hiyo haina mapigo yenye mpangilio, hupepesa ovyo, kama utambi wa kandili unaopigwa na upepo, na Uhuru iliona mabadiliko yake ndani ya muda usiofika sekunde moja. Kitu hakiwezi kubadilisha mng'ao wake wote kwa pamoja katika muda mfupi kuliko ule ambao mwanga huutumia kukivuka. Kikibadilika ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, basi eneo linalong'aa haliwezi kuzidi kilomita 30,000, yaani zaidi kidogo ya mara mbili ya kipenyo cha Dunia. Nyota ya kawaida haienei humo. Halafu ikapatikana nyota kubwa, HDE 226868, inayozungushwa kila siku 5.6 na mwenzi asiyeonekana, ndiye Cygnus X-1 yenyewe, ambaye kwa vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 ana uzito wa Jua mara 21 hivi, uzito ambao nyota ya nyutroni haiwezi kamwe kuuhimili.

KAZUNGU: Vyombo vya baadaye viliongeza nini?

SAUMU: Viliongeza ukali wa saa. Uhuru ilikusanya mionzi katika vifungu vya takribani sehemu ya kumi ya sekunde. Setilaiti ya RXTE, iliyorushwa Desemba 1995, ilipima hadi mikrosekunde, yaani sehemu ya milioni ya sekunde, na mwaka 1998 ikatuonyesha mapigo ya SAX J1808.4-3658, nyota ya nyutroni inayojizungusha mara 401 kwa sekunde huku ikila gesi ya jirani yake. Darubini ya eksirei ya NICER, iliyofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga tangu 2017, huandika wakati wa kuwasili kwa kila fotoni, yaani kila chembe moja ya mionzi, kwa usahihi wa chini ya nanosekunde 300, na nanosekunde ni sehemu ya bilioni ya sekunde. Ila nisisitize kwamba saa nzuri haitoshi. Dunia inalizunguka Jua, kwa hiyo fotoni hutufikia mapema au kwa kuchelewa, hadi dakika nane na zaidi, kulingana na mahali tulipo katika njia yetu. Mtafiti asiyeurekebisha muda huo atadhani kwamba nyota inayumba, kumbe anayeyumba ni yeye.

KAZUNGU: Kabla hatujamaliza, uliniahidi habari za chombo kingine kilichorushwa Malindi.

SAUMU: Ni setilaiti ya SAS-3, Mei 1975. Mwaka uliofuata, mwezi Machi, ilikutana na chanzo kinachoripuka mfululizo, pengine kila baada ya sekunde chache, kikapewa jina la Rapid Burster, yaani kiripukaji cha haraka. Milipuko yake mingi haitokani na kuungua kwa gesi kinyuklia juu ya nyota, kama ilivyo kwa vyanzo vingine, bali hutokana na gesi inayoshuka kwa mafungu. Tena mlipuko ukiwa mkubwa, kimya kinachofuata huwa kirefu. Ukiwa mdogo, mwingine huja upesi. Ni kama kisima chenye maji haba: aliyechota ndoo kubwa atasubiri sana kabla ya kuchota tena. Huenda usumaku wa nyota ndio unaoizuia gesi na kuiachia, lakini jinsi lango hilo linavyofanya kazi bado ni swali linalobishaniwa, nami naliona kuwa miongoni mwa maswali mazuri kabisa katika fani hii.

KAZUNGU: Je, mtu aliyeko Malindi leo anaweza kukielekezea chanzo hicho kidole?

SAUMU: Anaweza. Kati ya Juni na Agosti, usiku, atazame kusini alitafute kundinyota la Nge, aufuate mkia hadi kwenye nyota mbili zilizokaribiana za mwiba. Akiwa amenyoosha mkono, apime upana wa vidole viwili au vitatu juu ya ile inayong'aa zaidi. Pale hataona kitu kwa macho, kwa maana kishada cha nyota kinachokibeba chanzo hicho, Liller 1, kimefichwa na vumbi la galaksi, lakini eksirei hulipenya vumbi hilo, na ndipo SAS-3 ilipoelekezwa.